Beti Tatu za Mzee Semisi

Wapo watu ambao kwao kuuliza ni sawa na kuvuliwa nguo hadharani. Wataipapasa njia wasiyoijua, watajikwaa, watainuka na vumbi magotini, lakini hawatamwambia mpita njia, "Nielekeze." Feleti, kijana wa Lotofoa katika visiwa vya Ha'apai, alikuwa mmoja wao, na sifa zilikuwa zimemlevya. Simu zilizozama baharini zilifufuka mikononi mwake. Kipaza sauti cha kanisa kilipokohoa, aliitwa yeye.

Nyumbani kwao palikuwa na kompyuta moja, iliyotumwa na shangazi yao kutoka Auckland. Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo. Kitu alichokitoa hakiwekwi ovyo. Basi kompyuta ilikaa peke yake mezani, imetandikiwa mkeka mzuri kama bibi harusi. Aliyeitumia zaidi ni Lupe, dada yake Feleti, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yao, mzee Semisi, alikuwa punake, mtunzi wa nyimbo na mfundishaji wa ngoma. Alitunga kwa kinywa, hakuandika. Mwaka ule alikuwa akitunga wimbo wa beti tisa za lakalaka, ngoma ambayo kijiji kizima kingesimama safu kuicheza siku kanisa lao litakapotimiza miaka mia. Kila alasiri aliketi mbele ya mashine, akaimba ubeti pamoja na ishara zake za mikono, akaukataa, akauimba upya, na Lupe akamrekodi kwa kamera ya mashine.

Kasoro ya mashine ilikuwa moja. Ikiwashwa asubuhi, ilijivuta kama kobe aliyeshiba.

"We fundi," alisema Siaosi, mtoto wa baba mdogo wa Feleti, walipokuwa wakimenya mihogo, "mashine yenu imeshawaka, au niende mjini Pangai kwa miguu nirudi?"

"Nyamaza, Siaosi."

"Ninyamazeje? Fundi anafufua simu za watu, na kwake maiti iko mezani!"

Vijana wote walicheka. Feleti hakucheka. Neno lile lilimchoma kama mwiba wa samaki.

Jumatatu, Lupe akiwa shuleni, Feleti aliketi mbele ya kompyuta, akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja nayo. Alizizima moja baada ya nyingine: ya mchezo ambao hakuna aliyeucheza, ya kuchapisha picha ilhali hawakuwa na mashine ya kuchapisha. Kazi ilikuwa nyepesi mpaka alipofika kwenye moja asiyoijua. Ilikuwa na jina la herufi na tarakimu, na pembeni jina la Lupe. Tena hiyo ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote. Kila asubuhi iliukamata mtandao wao mwembamba, isiuachie.

Mkono ulisita. Kwao, mambo ya dada ni mwiko kwa kaka: haingii chumbani mwake, hagusi vyake, hazungumzi naye ovyo. Neno zito hupitia kwa mama. Na mama yao, Kalolaine, alikuwa papo hapo sebuleni, akisuka mkeka.

"Umekwama?" mama aliuliza.

"Sijakwama."

"Kama ni kitu cha Lupe, sema. Akirudi nitamwuliza. Mdomo ninao."

"Heshima, mama. Nisimchokonoe dada yangu kwa mambo ya mashine."

"Tangu lini kumwuliza mtu kukawa kumchokonoa?"

"Mama, fundi ni mimi!"

Alitaja heshima, lakini kilichosema ni kiburi kilichojitanda shuka ya heshima. Akaizima.

Kesho yake kompyuta iliwaka kabla mama hajasuka hata shubiri moja. Siaosi alikuja kushuhudia, akainua mikono: "Nimekoma, fundi!" Lupe alituma shukrani kupitia kwa mama. Hakujua kilichozimwa, wala hakuna aliyemwambia.

Katika wiki tano zilizofuata, mzee Semisi alitunga beti tatu za mwisho. Alipomaliza ya tisa, alifuta jasho na kusema, "Sasa nitawafundisha." Siku ya pili yake kiharusi kilimwangusha. Kilimnyang'anya upande wa kulia na ulimi. Maneno yote yakampotea. Na msiba haupendi kusafiri peke yake. Siku chache baadaye umeme wa kijiji ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa moshi. Ilipelekwa kwa meli hadi mji mkuu, Nuku'alofa. Fundi wa huko aliifungua, akatikisa kichwa: diski imeungua, na rekodi zote nayo.

Lupe hakulia. "Mama, mwambie kaka asihangaike," alisema. "Kila asubuhi mashine ilipowaka ilituma nakala kwa shangazi. Sauti yote ya baba iko Auckland."

Feleti alikuwa mlangoni. Aliikumbuka ile programu yenye jina la Lupe.

Shangazi alipigiwa simu. "Ninazo beti sita, mwanangu," alisema. "Baada ya hapo, kimya. Nilidhani kaka yangu anapumzika."

Feleti alikaa chini, kichwa kimeinama. "Mama, mwambie dada kwamba ni mimi. Mimi ndiye niliyeizima programu ya nakala."

"Hilo sitalibeba," mama alijibu. "Siku ile mdomo wangu ulikuwepo, hukuutaka."

Ikambidi amtazame dada yake, akalisema mwenyewe.  Lupe, bila kupitia kwa mtu, alimwambia, "Kaka, uliogopa kuniuliza, hukuogopa kuizima?" 

Lupe alikumbuka vipande tu vya maneno ya beti zile tatu, na lahani alikuwa ameisahau. Wapo waliotaka beti zilizopotea zitungwe upya. Wacheza ngoma wazee walikataa. "Wimbo wa punake hautiwi kiraka akiwa hai," walisema.

Kijiji kilijifunza beti sita alizorudisha shangazi, na siku ya miaka mia ikafika. Watu mia mbili walisimama safu mbele ya kanisa, wakaimba na kucheza beti sita, na kila mkono uligeuka kwa wakati mmoja. Ubeti wa sita ulipokwisha, walinyamaza. Hawakuwa na pa kwenda.

Ndipo mzee Semisi, aliyekuwa amewekwa kitini mbele yao, alipoinua mkono wake wa kushoto. Mkono ule uligeuka, ukafunguka kama jani, ukashuka kifuani, ukainuka tena. Ulikuwa ukicheza ubeti wa saba. Ukacheza wa nane. Ukacheza wa tisa. Midomo yake ilitetemeka, lakini hakuna neno lililotoka. Feleti, aliyesimama safu ya mbele, aliona kila ishara na hakuelewa hata moja. Hapana aliyekohoa, hapana aliyeketi, mpaka mkono wa mzee uliposhuka magotini ukatulia.

Kijiji kizima kilisimama kimya kwa ajili ya swali moja ambalo halikuulizwa. Kweli, kuuliza si ujinga.