Chande Mwenye Chini

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, alikuwako mtu maskini jina lake Chande, kazi yake kuchimba vyoo na makaburi. Mtu huyu hakurithi kitu duniani ila karatasi moja ya bibi yake, Bi Mize. Bibi huyo alimuuzia babake Sultani kiwanja cha kujengea jumba la enzi, lakini siku ya kuandikiana alimwambia kadhi aandike hivi: "Nimeuza juu ya ardhi. Chini sikuuza. Kilichoko chini, kuanzia dhiraa moja, ni changu na cha wazao wangu." Watu wakamcheka, wakasema kikongwe amebakiza makao ya minyoo. Kadhi naye alicheka, lakini akapiga muhuri.

Basi ikawa siku moja mtunza farasi wa Sultani alikuwa akivuta kiko katika zizi la jumba hilo, kaa la moto likamdondoka, na pale lilipoanguka ukazuka moto wa rangi ya samawati usiozimika kwa maji. Walipochimba ili waufukie, yakabubujika mafuta meusi, mazito kama asali. Habari zikavuka bahari, wakaja wafanya biashara watatu, wakachovya vidole, wakanusa, wakamwambia Sultani Fakihi, "Tutanunua kwa bei njema. Lakini kwanza tuonyeshe hati, tusije tukanunua mali ya mtu mwingine."

Hati ikafunguliwa, Sultani akaisoma, uso ukamsawijika. Waziri wake, Tamimu, akamnong'oneza, "Bwana wangu, usihuzunike. Mwenye chini ni mchimba vyoo. Na tumwite, tumthaminie sisi wenyewe."

Chande akaitwa, akaja na matope yake miguuni. Waziri akamwambia, "Tumekuonea huruma. Chini yako tumeithamini, imekuwa mbuzi mmoja na gunia la mtama. Tia dole gumba hapa."

Chande akauliza, "Waziri umeithaminije, nawe hujashuka?"

"Kwa akili."

"Kumbe. Mimi nasikia wageni watatu wamo mjini wiki nzima, na kila mmoja amficha mwenziwe bei yake. Katika umri wangu sijaona watu wakifichana bei ya mbuzi."

Sultani akakasirika, akasema, "Bidhaa isiyoonwa haina bei. Nakupa muda mpaka Ijumaa. Uilete hiyo chini yako hapa mbele yangu, niione kwa macho yangu nikiwa nimeketi kitini, tangu mwanzo wake hata mwisho wake. Ukishindwa, utachukua mbuzi wako na kuuhama mji huu."

Chande akainama, akasema, "Nimesikia na nimetii. Ila naomba neno hilo liandikwe, na iandikwe pia kwamba asitokee mtu wa kunizuia kuileta."

Waziri akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, Sultani akapiga muhuri.

Chande alipofika nyumbani, mkewe Riziki akasikiliza yote, kisha akamwambia, "Mume wangu, mbuzi ni mbuzi. Watoto wamelala na maji tangu juzi." Neno hilo lilimchoma Chande, maana alijua mkewe hasemi uongo. Mwisho akasema, "Mbuzi tutamla siku tatu, kisha tutakuwa watu waliokula bibi yao. Nivumilie hadi Ijumaa." Riziki akamnolea sururu.

Ijumaa baada ya swala baraza likajaa, na wageni watatu wakaalikwa waje kumwona mpumbavu. Chande akaingia na wachimba makaburi wawili, akatoa salamu kwa adabu, akaenda hadi mbele ya kiti cha enzi, akaanza kubomoa sakafu.

Askari wakamrukia. Chande akasema, "Kadhi, wasomee." Kadhi akasoma, askari wakarudi nyuma.

"Bwana wangu," akasema Chande, "umeniamuru niilete chini mbele yako nawe umeketi. Iko mbele yako tangu siku uliyotawazwa, nami nimekuja kuifunua tu. Sakafu ni yako. Naipanga pale pembeni, sitaki cha mtu."

Wakachimba dhiraa moja, wakachimba mbili. Vumbi likamjaa Sultani ndevuni. Waziri akaanza kutokwa na jasho, akasema, "Imetosha, Bwana wetu ameiona."

"Imeandikwa hata mwisho wake, tena kwa hati yako nzuri, Waziri. Mwisho bado."

Mara sururu ikagonga chombo. Ukatolewa mtungi, ukafuata wa pili, hata ikatimia saba, na yote imejaa fedha. Mwaka ule watu walikuwa wamechangishwa fedha za kuzibua visima, kisha wakaambiwa hazina imekauka, wakaendelea kunywa maji ya madimbwi.

Sultani akainuka, akasema, "Mitungi hiyo ni yangu."

Chande akamgeukia kadhi. "Imetoka dhiraa ngapi?"

Kadhi akapima, akasema, "Tatu."

"Na hati yasemaje?"

"Kilichoko chini ni cha Bi Mize na wazao wake."

"Basi ni yangu," akasema Chande, "nami si mchoyo. Waziri ameithamini chini yote, na mitungi ikiwa ndani yake. Nitaiuza kwa bei ya serikali. Nani hapa ana mbuzi mmoja na gunia la mtama?"

Mwanamke mmoja mchota maji akasema kutoka nyuma, "Mimi nina mbuzi wawili. Gunia nitakopa."

Sultani akasahau cheo chake, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Bei gani hiyo? Chini hii ina thamani kubwa, mbuzi elfu hawaifikii."

"Kadhi, andika," akasema Chande. "Sultani amethamini."

Basi wageni wakashindana bei hadharani, hapana tena wa kumficha mwenziwe. Chande akawaambia, "Chini siiuzi, aliyeiacha hakuiuza. Nitauza kitokacho. Katika kila mapipa matano, moja langu, na baada yangu la wanangu." Wawili wakaondoka wakinuna, wa tatu akakubali, na siku ile ile Riziki akapelekewa unga na nyama. Mitungi saba Chande hakuipeleka kwake. Alisema fedha za visima ziingie visimani, akachimba yeye mwenyewe, na akajilipa ujira wa mchimbaji, hakuzidisha.

Sultani alicheka mbele ya watu, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole karamuni. Akasema, "Umenishinda. Sasa fukia shimo hili."

"Bwana wangu, kuchimba kuliandikwa. Kufukia hakukuandikwa. Na udongo huu umetoka chini, ni wangu."

Ikawa Waziri Tamimu ndiye aliyeununua, kikapu kwa kikapu, akalifukia shimo kwa mikono yake. Na kwa kuwa alikuwa bahili, alinunua pungufu, hata kiti cha enzi cha Ungamo kikainama, na kila Sultani aliyekikalia baada ya hapo ilimbidi ashike kitu asianguke.