Tembo wa Mama Vaileth

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kimeshawaumbua wengi.

Palikuwa na mjane aliyeitwa Vaileth, Mama Vaileth kwa heshima, katika kijiji kimoja kando ya mbuga ya Ruaha. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, kila mmoja na mji wake. Erasto, wa kwanza, alijaliwa kupanga. Hata harusi za majirani zilisubiri neno lake. Aneth, wa pili, alijaliwa usukani. Aliendesha lori la vitunguu kwenye njia ambazo madereva wengine walizikimbia. Tito, kitinda mimba, alikuwa fundi saa, naye alijaliwa subira. Ungemtukana asubuhi akakujibu jioni, tena kwa upole.

Mama akapatwa na presha ya macho. Uoni wake ukawa unabana kutoka pembeni, mpaka akawa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele kabisa anakiona, cha pembeni hakipo. Daktari alisema wazi kwamba dawa zimechelewa, na tundu lenyewe litaziba.

Akawaita wanawe. "Wanangu, tembo wamekula mahindi yangu tangu nilipoolewa. Usiku nawasikia wakivunja mabua, nami nagonga debe gizani hadi mikono inakufa ganzi. Lakini tembo mwenyewe sijawahi kumwona. Nataka nimwone mchana, kwa macho yangu, kabla hayajafunga. Na atakayenionyesha, kwake ndiko nitakakohamia."

Mmeisikia ahadi? Ishikeni. Kila mmoja wa watoto wale alikuwa ameshamwandalia mama chumba, na kila mmoja alizitaka radhi zake. Basi safari ya mbugani ikaanza kupangwa, na ugomvi ukaanza siku hiyohiyo.

Aneth na Tito walitaka waondoke mara moja. Ilikuwa masika. Erasto akakataa katakata.

"Sasa hivi majani yamempita mtu urefu, na maji yako kila korongo. Wanyama wametawanyika. Tutamzungusha mama siku nzima aone vichaka. Tungoje kiangazi, tembo watashuka mtoni wenyewe."

"Na macho yakiziba kabla ya kiangazi?" Aneth akafoka. "Utamwambia nini?"

Erasto hakubadili neno. Miezi ikapita, ndugu zake hawamsalimii, na mama akazidi kupapasa kikombe kilichokuwa mbele yake. Kiangazi kilipokolea, tundu lilikuwa bado wazi kidogo. Erasto akachagua siku, akachagua na sehemu ya mto ambako maji yalikuwa yamebaki. Wakaingia mbugani kwa gari waliloazima.

Mchana wakakatiza korongo la mchanga, gari likazama hadi kwenye ekseli. Ukingoni palikuwa na nyayo mbichi za simba, na wao walitakiwa wawe wametoka getini kabla ya jua kuzama. Aneth akafungua mlango.

"Usishuke, mwanangu!" mama akalia. "Tembo basi. Nimesamehe."

"Mama, nimeshajinasua na vitunguu vya watu, sembuse na wewe?"

Akashuka, huku Erasto akiangaza vichakani. Akapunguza upepo wa matairi, akafukua mchanga kwa mikono, akasukumia makapeti ya gari chini ya magurudumu. Injini ikanguruma, gari likarudi nyuma, likayumba, likapanda ng'ambo. Ukimwangalia Erasto, jasho lilimtoka kuliko aliyekuwa akichimba.

Wakafika mtoni jua limeinama. Na kweli, tembo walikuwepo!

"Yule pale, mama!"

"Kule, karibu na mti!"

Erasto na Aneth wananyoosha vidole, mama anageuza kichwa huku na huku. Tundu lake linaangukia maji, linaangukia mchanga, linaangukia anga. "Simwoni," akasema, na machozi yakaja yakafunika hata kile kidogo. Tembo nao wakaanza kupanda ukingo, wanaondoka. Akabaki mkongwe mmoja, bado anakunywa.

"Nyamazeni nyote," Tito akasema. Akamfuta mama machozi kwa upindo wa khanga yake, akakaa nyuma yake, akamshika mashavu kwa viganja, akamgeuza polepole kama anavyogeuza mshale wa saa. "Huo ni mguu, mama. Usikimbie. Panda juu. Hilo ni sikio. Rudi kidogo. Hapo."

Mama akatulia tuli.

"Kumbe ana kope," akanong'ona. "Ndefu hivyo! Miaka yote nakugongea debe, baba, kumbe una kope." Akacheka, akalia, na gari zima likalia naye.

Kabla ya mvua za kwanza tundu likaziba. Ahadi ikabaki.

"Bila kungoja kwangu, mngemwonyesha majani," alisema Erasto.

"Bila mikono yangu, mpango wako ungelala korongoni," alisema Aneth.

Tito naye alisema, "Tembo alikuwa mbele yake, mnanyoosha vidole, na bado alikuwa hamwoni."

Wala msiniambie wampokezane, mwezi huku, mwezi kule. Mtu aliyepofuka uzeeni hujifunza nyumba moja: kizingiti kiko wapi, mtungi uko wapi. Kumhamishahamisha ni kumpofusha upya kila mara.

Sasa furushi limefungwa. Mama amesimama mlangoni, amenyoosha mkono.

"Aliyenionyesha tembo anishike, twende."

Viganja vitatu vimekuja kwa pamoja. Amevipapasa, na vyote amevijua: kile kilichongoja, kile kilichochimba, na kile kilichomshika shavu. Hajakifumbata hata kimoja.

Je, wewe ungeamua vipi? Nilisema msiharakishe, najua. Lakini mama ameanza kuchoka kusimama.