Stroberi za Sultani na Kisahani cha Sukari

Hapo zamani, katika mji wa milimani ambako watu huota moto hata kiangazi, Sultani Nasibu aliletewa na wageni miche ya stroberi kubwa kubwa, akaipanda bustanini mwake, akaipenda kuliko baadhi ya wanawe. Ilizaa hata majani hayakuonekana. Utamu ndio haukuwamo. Ukitafuna ni kama umekunywa maji. Lakini waziri na wakubwa wa baraza kila walipozionja walifumba macho wakasema, "Asali, maulana, asali tupu!"

Basi siku moja ya karamu akaingia fukara aitwaye Mbaruku, mtu asiye na kitu ila ulimi, aliyevutwa na harufu ya pilau. Akapewa stroberi moja, akaitafuna, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, sukari iko wapi?"

Sultani akasema, "Ewe Mbaruku, wajua stroberi bora kuliko hizi?"

"Ziko tutani kwa mke wangu, maulana. Ni ndogo, tena chache, lakini mtu akila moja husahau alilokuwa akigombania."

"Vema. Miche ya mkeo na ipandwe kando ya yangu, udongo mmoja, maji mamoja. Siku ya mavuno, kapu litakalojaa ndilo bora, na zile nyingine nitaamuru zing'olewe nchi nzima, nikianza na tuta la mkeo. Nawe utazilinda. Asiguse mtu hata tunda moja, awe mkubwa au mdogo, ama sivyo kichwa chako ni changu."

Mbaruku akarudi nyumbani miguu mizito. Mkewe, Mwanakheri, alilia aliposikia, maana tuta lile aliachiwa na marehemu mama yake. "Mume wangu, ulimi wako utatuua! Zake huzaa kwa makapu, zangu kwa viganja."

"Najua, mke wangu," alisema Mbaruku, na kweli aliogopa. "Ila nitalinda kama alivyosema, bila kupunguza wala kuongeza."

Ikawa matunda yalipoiva, Mbaruku alikaa bustanini na rungu lake. Mtumishi akija, alimrudisha. Waziri mwenyewe alinyemelea kuonja zile ndogo, akarudishwa naye. Ndege walipokuja, Mbaruku aliwaamkia, akawapisha.

Siku ya mavuno kapu la Sultani likafurika. La Mwanakheri likatoka na vikonyo vitupu. Sultani akafurahi mno. "Umeona, ewe Mbaruku?"

"Nimeona, maulana. Kwa wingi umeshinda."

"Na za mkeo zimekwenda wapi?"

"Zimeliwa na ndege."

"Nawe mlinzi ulikuwa wapi?"

"Papo hapo, maulana. Uliniamuru nizuie watu. Ndege hukuwataja."

Sultani akalitazama kapu lake, na uso ukaanza kumbadilika. "Mbona zangu hawakuzila?"

"Walianza kwako, maulana, kwa heshima. Tazama, hizi za juu zina alama za midomo yao. Kila mmoja alidonoa mara moja tu, akahamia kwa mke wangu. Uwasamehe, ni ndege. Hawana vyeo wanavyoogopa kuvuliwa."

Wakubwa wa baraza wakatazama viatu vyao. Sultani akatwaa tunda, akatafuna polepole, na bila kujijua mkono wake ukapapasa sinia kutafuta sukari. Alipojiona, alicheka hata kilemba kikamlegea. Akafuta amri yake, na nusu ya bustani akampa Mwanakheri aipande atakavyo.

Kisha akawageukia wakubwa. "Nanyi wapenda asali, hakuna atokaye humu mpaka kapu hili liishe. Waziri, anza wewe."

Wakala. Sultani akamuuliza Mbaruku, "Na wewe, wataka zawadi gani?"

Mbaruku akamtazama waziri, mashavu yamemtuna, maji yakimchuruzika kidevuni, akamwonea huruma kweli.

"Kisahani cha sukari, maulana. Si changu, ni cha waziri."

"Ya nini?" akasema Sultani. "Asali haitiwi sukari."