Wimbo Ulioachiwa Nafasi ya Jina

Hapo zamani, na zamani yangu si ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, simu zimekwisha kuota macho, palikuwa na mtunza maktaba wa mji wa Kwemsambi, jina lake Shekiondo.

Kule Kwemsambi mwanamke akiudhiwa hagombi. Hungoja siku ya kutwanga, akamtia mbaya wake kwenye wimbo, kwa jina. Bi Mwantumu, bibi mzee wa mji, alizikusanya nyimbo hizo, za marehemu mama zake wote, akazitoa kitabu, pa majina akaacha wazi, mwimbaji atie lake. Mwenyekiti wa mji, Mahiza, akasoma wimbo mmoja, wa mume mvivu, akajiona yeye. Kitabu marufuku! Nakala zikachomwa nyuma ya soko.

Ikabaki moja. Shekiondo aliivika jalada la kitabu cha ufugaji wa kuku, lenye jogoo mwekundu, akaiweka rafu ya mifugo.

"Mwanangu, kipeleke kwa dada yako ng'ambo ya mto," Bi Mwantumu alimsihi.

"Mama, kitabu mahali pake ni maktaba. Nitakilinda mimi."

Alipenda kulinda, Shekiondo. Alipenda zaidi kujijua kwamba analinda.

Akaja Semeni, fundi simu, aliyeijua siri. "Mjomba, niazime kitabu asubuhi moja tu. Nitawaonyesha watu walichonyimwa."

Akapiga picha wimbo mmoja, ule wa mume mvivu. "Na hizo nyingine?" akauliza Shekiondo.

"Wiki ijayo. Kwanza watu waone!"

Bi Mwantumu akauimba, sauti ikanaswa. Basi ukawa ukiielekezea simu ile rafu tupu kilipokaa kitabu kabla ya marufuku, kitabu kinafunguka hewani, kurasa zinageuka zenyewe, na bibi anaimba. Wallahi, nimeona maajabu mengi, mengine nimeyatengeneza mwenyewe, lakini lile!

Watu wakafurika.

"Haya ndiyo matusi tuliyofichwa?" akasema muuza maandazi. "Mbona mimi mume wangu namwambia haya kila siku?"

"Ndiyo maana kakonda!" akajibu shoga yake.

Shekiondo akacheka na wenzake, kisha kicheko kikamkauka. Kwenye ukingo wa ukurasa alikiona kishungi chekundu cha jogoo wa lile jalada, kimenaswa pichani. Na pale pa jina la mume, bibi alikuwa ametia: Mahiza.

Akajiambia, nitakihamisha watu wakiondoka. Lakini walikuwa wanamsifu, wanampa mkono. Akabaki asikilize mara moja tena.

Mahiza akaingia na simu yake. Akasikia jina lake. Akatazama tena, akaona kishungi. Hakuuliza mtu, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mifugo.

Kitabu kikaungua. Mji ukawaka zaidi: waliosikia wimbo hawakunyamaza tena, mpaka marufuku ikafutwa. Ruhusa ikaja, kitabu hakipo. Umebaki wimbo mmoja, hewani. Nyingine Bi Mwantumu anazikumbuka nusunusu, na wenye nyimbo wako makaburini.

"Ulimtaja wa nini, bibi?" Semeni alilia. "Angeona picha akapita!"

"Wimbo usio na jina ni kelele za kinu, mjukuu wangu. Ndivyo nilivyofunzwa. Wewe ungepiga picha kurasa zote kwanza, tungekuwa tunalia?"

"Bila picha zangu mngekuwa marufuku hadi leo!"

Wakamgeukia Shekiondo. Naye akasema: "Nilikiona kishungi kabla ya Mahiza."

Sasa wanawake wa Kwemsambi wametunga wimbo mpya, wa kitabu kilichopotea. Wameacha nafasi ya jina moja. Shekiondo amekaa mbele ya rafu tupu, simu mkononi, haiwashi, anasikiliza vinu.

Msinitajie Mahiza! Mahiza ana wimbo wake tayari. Nawauliza hawa watatu waliokipenda kitabu: aliyekificha, aliyekionyesha, na aliyekiimba. Michi imekwisha inuliwa. Je, nani alistahili jina lake litiwe?