Tembo Alivyoziba Matundu ya Simu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu, na msiniulize umeme wa kuchajia waliupata wapi, maana mimi nilipouliza nilifinywa, kila simu ilikuwa na tundu dogo kwenye kitako chake. Tundu hilo lilikuwa la kuchomekea waya wa hedifoni. Unachomeka, chwap! Unasikiliza ngoma yako peke yako, jirani hana habari.

Basi, katika kichuguu kimoja kilichopakwa chokaa aliishi Nguchiro na mama yake. Mnamjua Nguchiro? Yule mwembamba, mdomo umechongoka, hatulii utadhani amekalia siafu. Mama yake, Bi Mwanarusi, alikuwa mzee. Macho yamechoka, miguu haimpeleki mbali. Furaha yake ilibaki moja tu: redio ya simu, kila Ijumaa alasiri, kipindi cha salamu.

Maana mwanawe wa kwanza, Mbaruku, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto simu hazishiki mtandao. Kwa hiyo kila wiki alituma kadi ya salamu redioni, na mtangazaji, Kasuku, akaisoma kwa mbwembwe zake: "Mbaruku wa mkongeni anamsalimu mama yake mzazi, popote pale alipo! Ujumbe: mvumilivu hula mbivu!"

Hapo Bi Mwanarusi hupiga kigelegele, halafu hulia kidogo, halafu hula vizuri wiki nzima.

Sasa shikeni neno hili, msije mkaniuliza baadaye. Redio ya simu haishiki bila waya. Waya wa hedifoni ndio antena yake. Ukiuchomoa, unasikia shwaaaa tu, kama mtu anakaanga samaki.

Mtengeneza simu mwitu mzima alikuwa mmoja, Tembo. Siku moja akapiga mkonga wake, puuuuu! Wanyama wakaja mbio kumsikiliza.

"Ndugu zangu," alisema Tembo, "nimewaza sana juu yenu, mpaka nimekonda."

Wanyama wakamtazama wapate kuona alipokonda. Hawakupaona.

"Tundu ni ushamba! Tundu linaingiza vumbi, tundu linaingiza mchwa! Kuanzia leo matundu yote yazibwe. Mtavaa hizi." Akaonyesha vidude viwili vyeupe, vidogo kama kokwa za fenesi. "Hedifoni zisizo na waya! Gunia la karanga kwa kila sikio."

"Kwa kila sikio?" aliuliza Sungura. Akayashika masikio yake, akakaa chini polepole.

"Mimi naunga mkono!" alisema Twiga huko juu. "Waya haujawahi kunitosha. Simu iko mfukoni, masikio yako mawinguni, nasikiliza muziki nimeinama kama ninayetafuta sindano!"

"Na mimi!" alisema Nungunungu. "Waya ukishaingia kwenye miiba yangu, kuutoa ni kesi ya ukoo mzima."

Popo, kichwa chini miguu juu, akapiga mwayo. "Waya ndio nini? Sisi hatujawahi kuwa nao, na tunasikia hata mbu akijikuna."

Nguchiro akaruka juu ya kisiki. "Mimi napinga! Na redio je? Na mwenye karanga za kula tu, hana za kununulia masikio? Mkuu, tundu limemkosea nani?"

Tembo akatunisha kifua. "Kuziba tundu, kijana, kunataka ushujaa."

"Ushujaa wa nani, wako au wa tundu?"

Wanyama wakacheka kwa-kwa-kwa! Tembo hakupenda kuchekwa. Akapiga masikio yake, pwata! "Kiboko atapita nyumba kwa nyumba na nta. Simu itakayokutwa na tundu wazi, Kiboko ataikalia!"

Wanyama wakamtazama Kiboko. Wakatazama anapokalia. Mjadala ukaisha.

Alhamisi, kichuguu kikatikisika. "Hodi!"

"Karibu, baba," alisema Bi Mwanarusi.

"Shikamoo, mama." Kiboko alijaribu kuingia, akakwama mlangoni, ikabidi atie mkono tu. "Mimi nimetumwa, mama yangu, usinichukie. Lete hiyo simu."

Akabandika nta, akasugua kwa kidole gumba, akaaga kwa adabu. Alipoondoka, Bi Mwanarusi akawasha redio.

Shwaaaa.

Akaitikisa. Shwaaaa.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kesho Ijumaa. Nitajuaje kama kaka yako yu mzima?"

Nguchiro akaichukua simu, akaitikisa naye. Alimwonea mama yake uchungu mpaka akasahau kuchezesha mkia, na mkia wa Nguchiro, wanangu, haukuwa umewahi kutulia tangu azaliwe.

Asubuhi yake akaenda kwa Tembo kumbembeleza. Akamkuta amejilaza matopeni, ana vidude vyake masikioni, anatafuna ndizi na kutikisa kichwa.

"Shikamoo, Mkuu."

Tembo akazidi kutikisa kichwa.

"SHIKAMOO, MKUU!"

"Marahaba! Usinipigie kelele, nasikiliza ngoma. Unataka nini?"

"Mama yangu, Mkuu. Anaomba tundu lake moja tu..."

"Amwambie mwanawe alime karanga."

Nguchiro akavitazama vile vidude. "Sawa, Mkuu. Lakini hivyo vidude, huvifungi kwa nywila?"

"Nywila ya nini?" Tembo alicheka mpaka matope yakaruka. "Nani ataingilia masikio yangu? Waya hakuna! Kwa kuingilia hakuna! Haya, nenda zako."

Nguchiro akajikokota hadi nyuma ya kichaka, akaketi. Akatoa simu yake apige japo wimbo mmoja wa kujipoza moyo. Simu ikalia, ting! Ikaandika: "Nimeona MASIKIO YA TEMBO hapa jirani. Niunganishe?"

Nguchiro akaitazama simu. Akamtazama Tembo. Akaitazama simu tena.

Mkia ukaanza kucheza.

"Unganisha, kipenzi changu," alinong'ona, akabonyeza.

Huko matopeni ngoma ikakatika. "Ala!" alisema Tembo.

Nguchiro akabana pua, akaikaribia simu. "Mjukuu wanguuuu..."

Tembo akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akainua sikio moja akachungulia chini yake. "Nani huyo? Mbona uko ndani ya kichwa changu?"

"Babu yako."

"Babu? Babu si alishakufa!"

"Ndiyo maana napiga bila waya."

Tembo akaanguka matopeni, pwaaa! "Shi-shi-shikamoo, Babu!"

"Marahaba. Sikiliza, mtoto usiye na adabu. Sisi huku kuzimu tunapumulia wapi?"

"Sijui, Babu!"

"Kwenye vitundu vya simu zenu! Sasa umeziba vyote. Mababu tumevimba! Bibi yako amekuwa kama puto, tumemfunga kamba mguuni asipae!"

"Bibi!" Tembo akaangua kilio, na machozi ya Tembo si machozi ya mchezo, vyura walihama. "Bibi yangu aliyenilea! Nifanye nini, Babu?"

"Zibua! Matundu yote, kabla ya alasiri. Na kila simu utakayotengeneza iwe na tundu. Anayetaka kidude na anunue kidude, anayetaka waya aachiwe waya wake."

"Na karanga nilizokwisha kupokea?"

"Rudisha! Unadhani kilichomvimbisha bibi yako ni pumzi peke yake?"

"Nitarudisha, Babu!"

"Sasa simama kwa mguu mmoja."

"Kwa nini, Babu?"

"Weee! Unaniuliza mimi?"

Tembo akasimama kwa mguu mmoja, huku anayumba, mkonga umenyooka kama bendera. Nyuma ya kichaka Nguchiro alikuwa ameng'ata mkia wake mwenyewe asije akacheka.

"KIBOKO!" Tembo akanguruma. "Kibokooo! Chukua mwiba! Zibua matundu yote! Mbio, Bibi anapaa!"

Kiboko hakuelewa bibi yupi wala anapaa kwenda wapi. Lakini alizoea kutumwa. Akakamata mwiba, akapita nyumba kwa nyumba: choko, choko, pop! Choko, choko, pop! Kwenye kichuguu chenye chokaa akatia mkono mlangoni, choko, pop! "Samahani kwa usumbufu, mama," akakimbia.

Alasiri ilipofika, Bi Mwanarusi alikuwa amekwisha kuchomeka waya wake, chwap. Sikio moja akaweka yeye, la pili akampa Nguchiro, wakaketi wamegusana mabega kwa sababu waya ni mfupi.

Redio ikakohoa. Kasuku akafoka: "Na sasa, Mbaruku wa mkongeni anamsalimu mama yake mzazi, popote pale alipo! Ujumbe: mama, mkataba umekwisha, Jumapili niwekee ubwabwa!"

Jamani! Bi Mwanarusi alipiga kigelegele mpaka chokaa ikabanduka ukutani. Akamkumbatia Nguchiro, wakalia wote wawili bila aibu, waya ukawazonga shingoni wasijali.

"Ngoja, ngoja, kuna kadi nyingine!" alisema Kasuku. "Hii ya dharura, ameileta mwenyewe na ametuvunjia mlango. Tembo, mtengeneza simu, anamsalimu marehemu babu yake, popote pale alipo, bila kumsahau Bibi. Ujumbe: matundu nimezibua, pumueni taratibu!"

Bi Mwanarusi akakunja uso. "Nguchiro, mwanangu. Marehemu anasikilizaje redio?"

Nguchiro akajifanya anakunakuna sikio.

"Labda ana waya mrefu, mama."

Nami hadithi yangu naichomoa hapo, lakini likae vichwani mwenu: anayeziba matundu ya wenzake, lake huliacha wazi.