Fimbo ya Kuzibulia Ndiva

Hapo zamani, na si zamani ile ya watu kuwa wajinga kuliko sisi, kulikuwa na kijiji mlimani kilichoishi kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku mkondo wa mlimani unalijaza watu wakiwa wamelala. Asubuhi mtu mmoja anazibua kizibo, maji yanashuka kwenye mifereji, shamba kwa shamba. Mtu huyo anaitwa mwenye fimbo, maana kizibo kiko chini kabisa majini, na bila ile fimbo ndefu ya mti mgumu hakitoki kirahisi. Likumbukeni hilo, msije mkanisumbua baadaye.

Mwenye fimbo alikuwa bibi mmoja, Nakijwa. Alizibua ndiva tangu ujana wake mpaka macho yakaanza kufifia. Siku moja akasema, "Wajukuu zangu, sasa natafuta kizibo kwa kupapasa. Mtafuteni mwingine."

Kijijini kwao fimbo hairithiwi wala hainunuliwi. Inashindaniwa kwa akili. Mwenye fimbo anauliza mafumbo matatu: la maneno, la mantiki na la hesabu. Anayejibu anapewa jiwe jeupe. Mwenye mawe mengi anapewa fimbo, na kuanzia siku hiyo shamba la kwao ndilo la kwanza kunywa maji. Masharti yapo mawili tu. Siku ya mashindano ndiva haizibuliwi mpaka mshindi apatikane. Na mshindani akishaketi haruhusiwi kunyanyuka. Akinyanyuka, ametoka.

Walijitokeza watatu.

Wa kwanza Kiondo, yatima aliyelelewa na Bibi Nakijwa mwenyewe. Huyu alipenda mafumbo kama wengine wanavyopenda nyama. Wa pili Namkunda, binti wa mhunzi, mtu wa kukutazama usoni mpaka ukasahau uongo uliotaka kumwambia. Wa tatu Mashika. Ah, Mashika! Akipita njiani watu wanaanza kucheka kabla hajasema kitu. Lakini shamba la mama yake, Nanzia, lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji, na mwaka ule maji hayakuwa yakifika mwisho. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Mama alikwishasema, "Mwanangu, ukikosa fimbo tunahamia tambarare kwa wajomba zako." Asubuhi ya mashindano, kijiji kizima kilipokwenda uwanjani kwa Bibi Nakijwa, Nanzia alibaki nyumbani akifunga vyungu vyake kwenye furushi. Na nyumba yake, jamani, ilikuwa chini ya ukuta wa ndiva.

Jua likachomoza. Washindani wakaketi. Bibi akaweka fimbo mapajani, akauliza fumbo la maneno.

"Nakigawa kwa wote, hakipungui. Nikimnyima mmoja, kimekwisha kwa wote. Ni nini?"

"Moto!" akaruka Mashika.

"Nikikunyima wewe moto, wa kwangu unazimika?" akauliza Bibi.

Watu wakaangua kicheko. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema salamu, yule anasema mwanga, kila mtu mwerevu kwa fumbo asiloulizwa yeye. Wakakawia kweli kweli. Mwishowe Kiondo akasema polepole, "Ni haki, Bibi. Ukimnyima mmoja, hata hao uliowapa hawana tena haki. Wana bahati tu."

Bibi akampa jiwe jeupe. Vigelegele vikapigwa.

Fumbo la mantiki likafuata. "Bwana mmoja ana wake watatu. Nyama imeliwa chunguni, na aliyeila ni mmoja. Mke mkubwa anasema, 'Si mimi.' Wa kati anasema, 'Kala mke mdogo.' Mdogo anasema, 'Mke wa kati ni mwongo.' Kati ya wote watatu, aliyesema kweli ni mmoja tu. Nani kala?"

"Mke mdogo!" akaruka Mashika. "Wadogo ndio wenye njaa!"

Wakamcheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hapo tena ubishi ukawaka, maana wanaume walimtetea mke mdogo na wanawake wakawauliza wanamtetea kwa nini. Jua likapanda. Namkunda akainua mkono.

"Wa kati anasema kala mdogo, na mdogo anasema huo ni uongo. Hawawezi wote wawili kuwa waongo, basi mmoja wao kasema kweli. Kweli ni moja tu, na hao wawili wameshaichukua. Mke mkubwa hana kweli iliyobaki. Anaposema si yeye, ni yeye."

Jiwe la pili likaenda kwa Namkunda. Kiondo moja, Namkunda moja, Mashika hana kitu. Likabaki la hesabu.

Bibi akaliuliza kama alivyoulizwa yeye ujanani, neno kwa neno, bila kulifikiria. Ni kama sisi tunavyosema "hujambo" bila kungoja kujua kama mtu anaumwa.

"Mkondo unaijaza ndiva kwa usiku mmoja, tangu jua kuzama mpaka kuchomoza. Ikishajaa, nusu ya maji yanayoingia yanamwagikia juu ya ukuta, nusu inabaki. Ukuta unavumilia robo ya ndiva zaidi ya kujaa, basi. Kama asubuhi ndiva haikuzibuliwa, ukuta unabomoka lini?"

Watu wakamgeukia Mashika wakingoja kucheka. Mashika hakuruka. Alitazama juu, akatazama kivuli chake, nacho kilikuwa kifupi. Kisha akanyanyuka, akatimua mbio.

"Ametoka!" watu wakapiga kelele. "Hesabu imemkimbiza!" Wakacheka mpaka machozi.

Namkunda peke yake hakucheka. Alimtazama Mashika mgongoni anavyokata kona kuelekea bondeni. Akanyanyuka naye, jiwe lake mkononi, akamfuata mbio. Watu wakashangaa. Leo vipi?

Kiondo akabaki peke yake, macho ameyafumba, vidole vinahesabu. Akasema, "Bibi, usiku una saa kumi na mbili, robo yake ni saa tatu. Lakini nusu ya maji inamwagika njiani, kwa hiyo saa tatu zinakuwa saa sita. Ukuta unabomoka saa sita mchana, jua likiwa utosini."

"Sawasawa!" akasema Bibi. Jiwe la pili. Mawe mawili! Watu wakamnyanyua Kiondo juu, ngoma ikaanza kutafutwa.

Hapo ndipo Bibi Nakijwa, mwenye macho yaliyofifia, alipouliza, "Wajukuu zangu, jua liko wapi?"

"Linakaribia utosini, Bibi."

"Na leo ndiva kazibua nani?"

Jamani. Watu wakamshusha Kiondo chini. Mashindano ya zamani yalikuwa yakiisha umande haujakauka. Mwaka ule walibishana juu ya nyama ya watu wasiokuwepo, na sharti lao wenyewe likashikilia kizibo.

Walikimbia wote, wazee kwa watoto. Kiondo alikuwa mbele. Walipofika waliwakuta Mashika na Namkunda ndani ya maji, midomo imepauka kwa baridi. Fimbo hawakuwa nayo, ilikuwa mapajani kwa Bibi. Mashika alijaribu kuking'oa kizibo kwa mikono, kikamshinda. Namkunda alipofika wakapiga mbizi pamoja, wakavuta pamoja, kikatoka. Maji yalikuwa yakikimbilia mferejini kwa kishindo, lakini ukuta ulikwishaanza kumeguka. Bila umati ule ungeanguka vilevile. Watu wakapanga foleni, wakapitisha mawe, nyasi na matope. Kiondo alisimama penye ufa wenyewe, akashindilia udongo mpaka kucha zikamtoka damu. Ukuta ukasimama. Chini yake, Nanzia alikuwa mlangoni kwake na kamba mkononi, hajui hata kilichotaka kumwangukia.

Basi wakakusanyika hapo hapo ukingoni, wamelowa wote. Bibi Nakijwa akafikishwa kwa kushikwa mkono, fimbo begani.

"Semeni," akasema. "Mimi leo sina akili ya kuamua. Nimeuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa linataka kutuua, nami sikulisikia."

Kiondo akasema, "Bibi, nina mawe mawili. Niliambiwa nisinyanyuke, sikunyanyuka. Mashika alijua, akaondoka bila kusema neno. Kama nami ningekimbia kimya, nani angewaambia saa? Mngekuwa bado mnapiga ngoma. Mwenye fimbo si lazima aseme, watu wasikie?"

Maneno ya kweli. Watu wakaitikia.

Mashika akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Nilisema mara mbili asubuhi, mkacheka mara mbili. Ningesema mara ya tatu mngefanya nini? Nilipata jibu sawa na Kiondo, ila langu lilinifika miguuni kabla ya mdomoni. Wala sitawadanganya. Sikuikimbilia ndiva. Nilimkimbilia mama. Nilipofika nikaona nikimtoa mama peke yake, zile nyumba nyingine na mashamba yote yanakwenda. Ndipo nikaingia majini."

Watu wakatazama chini, hasa wale waliocheka sana.

Namkunda akasema, "Mashika hakuwa na jiwe hata moja, kunyanyuka hakukumgharimu fimbo. Mimi nilikuwa nalo. Hesabu ilikuwa imebaki kidogo tu kichwani mwangu, na jiwe la pili lingenipa fimbo. Lakini nilimwona mtu ambaye mama yake anafunga mizigo anakimbia kiti chake mwenyewe. Nikajiuliza, mtu wa namna hiyo anakimbilia nini? Sikuhitaji kumaliza hesabu. Akili ni kujua maji yatabomoa lini tu, au ni pamoja na kumsoma mwenzio? Peke yake kizibo kilimshinda."

Bibi Nakijwa akawashika uso mmoja mmoja kwa vidole, kama aliyetaka kuona kwa mikono. Wa Kiondo, aliyemlisha uji tangu mdogo, aliushika kwa muda mrefu, akalia wazi wazi mbele ya watu.

Kwa sharti, fimbo ni ya Kiondo, hakuna ubishi. Lakini sharti ndilo lililotaka kubomoa ndiva. Mimi nilipoisimulia hadithi hii kwangu, mume wangu na shemeji yangu hawakusalimiana mpaka Jumapili. Kwa hiyo wewe unayetikisa kichwa hapo, usijibu haraka.

Jua linazama. Mkondo umeshaanza kuijaza ndiva tena, wala haungojei watu waelewane. Bibi amenyoosha fimbo mbele yake kwa mikono miwili, nayo nzito, anangoja wa kuipokea. Na pale chini Nanzia ameketi juu ya furushi lake la vyungu, anatazama juu ukingoni, hajui alifungue au ajitwishe.

Je, nani alistahili?