Maji Yaliyopita Njia ya Mkato

Kitu kikiangukia uvunguni hakitoki kwa kuitwa. Mwenye kukitaka hupiga magoti, vumbi likamwingia puani, ndipo mkono ukifikie. Wahenga walipousema usemi wao juu ya mvungu hawakuwa wakizungumzia vitanda tu. Walikuwa wakiwasema watu wa aina ya Fundi Rahimu.

Akikwambia mtu kwamba Rahimu hakujua kazi, usimsikilize. Alitengeneza malori katika karakana ya shirika la umma miaka kumi na minane, hadi mageuzi ya uchumi yalipokuja na wafanyakazi wakapunguzwa. Akafungua gereji yake Nkuhungu, Dodoma, chini ya mabati manne. Siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yalimiminika mjini, na wenye nayo wakammiminikia yeye. Ila shingo yake ilikuwa ngumu, jamani! Kila gari geni alianza kwa kulitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kupoozwa mpaka yapate moto.

"Hiki ni cha Ulaya kwenye theluji," alikuwa akisema huku akikitupa. "Hapa Dodoma jua lenyewe linatosha!"

Wateja wakacheka, naye akajiona mwanazuoni.

Haukupita mwaka, pikapu ya Petro, mkulima wa Kibakwe, ikaanza kuchemka. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikipakia mzigo na kupanda milima ya kwao, mvuke huo! Rahimu akazibua rejeta, ikachemka. Akabadili mkanda wa feni, ikachemka. Akafungua injini na kuweka gasketi mpya. Safari hiyo ikachemka vibaya zaidi, na Ruthu, mkewe Petro, akalazimika kumimina kwenye rejeta dumu zima la maji ya kunywa ya watoto.

"Fundi, mimi nimechoka," Petro alimwambia. "Ijumaa napakia saruji ya kanisa. Ikichemka tena mlimani gari naliuza, na wenzangu wote wa Kibakwe nitawaambia aliyeliua ni nani."

Maneno hayo yalimchoma Rahimu. Mtaji wake ulikuwa jina tu. Jina likifa, gereji nayo imekufa, na kwa miaka yake arobaini na tisa nani angemwajiri tena? Aliogopa, lakini hakukubali kushindwa. Aliiwasha injini, akaiacha ingurume mpaka mvuke ukaanza kutoka, kisha akagusa mipira ya maji ya rejeta. Wa juu ulikuwa moto wa kuunguza. Wa chini, unaotoka kwenye rejeta, ulikuwa vuguvugu tu.

"Maji ya moto hayapiti kwenye rejeta!" alijisemea. "Sasa yanapita wapi?"

Hakujua. Ila alimjua anayejua, na hapo ndipo palipouma. Salwa, mwenye duka la spea, alikuwa amemwonya mbele za watu kwamba injini hizi mpya zisitolewe themostati. Rahimu akamjibu, "Wewe uza, bibi. Ufundi tuachie wanaume." Leo alipita mbele ya duka hilo mara mbili, akijifanya ana safari zake. Mara ya tatu akaingia.

"Shikamoo, fundi," alisema Salwa.

"Marahaba, mama. Nimekuja unifundishe," Rahimu alisema upesi, kabla ulimi haujabadili nia.

Salwa angeweza kumcheka, na haki angekuwa nayo. Hakucheka. Aliweka jiko la mkaa barazani, akateleka sufuria ndogo ya maji na kuning'iniza ndani yake themostati mpya kwa uzi.

"Chuchumaa, fundi. Ukisimama huoni kitu."

Rahimu akachuchumaa, magoti yakalia. Mafundi wawili waliokuwa wakipita wakamwona. "Ee, Rahimu! Siku hizi unapika?" Masikio yalimwaka kwa aibu, lakini hakuinuka. Maji yalipokaribia kuchemka, themostati ikafunguka juu, na papo hapo kisahani kidogo cha chini kikashuka.

"Umekiona hicho cha chini?" Salwa aliuliza. "Injini hizi mpya zina njia mbili za maji. Ndefu inapita kwenye rejeta. Fupi inarudi moja kwa moja ndani ya injini. Themostati ikifungua ndefu, kisahani kinaziba fupi. Ukiitoa je?"

"Fupi inabaki wazi," alijibu Rahimu polepole. "Maji yanapita mkato, yanarudi na moto wake." Akashika kichwa. "Lahaula! Kumbe niliyeiua ni mimi!"

Alhamisi nzima alishinda kwenye pikapu. Alikwangua kutu mahali pa kukalia themostati, akaifunga mpya, akaliegesha gari pua ikitazama juu na kujaza maji kidogo kidogo ili hewa itoke. Ijumaa akapanda na Petro, macho kwenye geji ya joto. Milima ikaanza, saruji ikalemea, mshale ukapanda hadi nusu. Hapo ukatulia, kona baada ya kona, mpaka wakafika juu.

Petro akasimamisha gari, akacheka kwa furaha. "Fundi, kumbe ilikuwa nini?"

Ilikuwa rahisi kusema spea ilikuwa mbovu.

"Nilikosea, bwana Petro. Themostati niliitoa mwenyewe. Na ya jirani yako Obedi pia. Nipeleke kwake leo hii nimwambie kwa kinywa changu, nimfungie mpya."

Petro akawasha gari. "Twende. Ila Obedi ana mdomo, jiandae."

Kweli, Obedi alimsema Rahimu mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Rahimu aliinamisha kichwa, hakujitetea hata kwa neno moja. Obedi alipochoka akatia mkono mfukoni na kumkabidhi ufunguo wa gari.

"Litengeneze," alisema. "Fundi anayesema 'nimekosea' sijawahi kumpata."

Jina ambalo Rahimu alikaribia kulipoteza kwa kiburi, alilipata akiwa ameinama. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.